Wakili wa biashara kwenye meza ya msaada wa kisheria

Wakisikia nafanya kesi za biashara, watu hudhani sina mteja asiye kampuni au benki. Kweli, mafaili yangu mengi yako Mahakama Kuu, Kitengo cha Biashara, kilichoanza Dar es Salaam mwaka 1999. Lakini ukinikuta kwenye Wiki ya Sheria natoa ushauri bure, utaona migogoro ni ileile, ila bado michanga: aliyekopesha kwa maneno, aliyemdhamini shemeji.

Kule kwenye kitengo, shahidi hasimulii habari yake yote kizimbani. Maelezo yake huwasilishwa mapema kwa maandishi. Siku ya kusikilizwa anaapa, kisha anakabili maswali ya dodoso kutoka kwa wakili aliyekwisha kuyasoma. Maneno matamu hayamfikishi mbali. Kinachombeba ni ankara, hati ya kupokea mzigo, hata meseji, kwa kuwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hiyo. Ndiyo maana wafanyabiashara nawasihi wasifute mazungumzo ya simu. Makubaliano ya mdomo ni mkataba halali. Kazi ni kuyathibitisha. Na madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6. Wapo wanaoimaliza yote wakiona haya kumshitaki ndugu.

Jambo linalonichukulia muda zaidi ni rehani. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka mwenza aridhie nyumba ya ndoa kuwekwa rehani, lakini kuna akina mama wanaopata habari siku tangazo la mnada linapobandikwa ukutani. Mama akiketi, naomba kwanza notisi ya siku 60 inayomtaka mkopaji alipe, kisha nauliza fomu ya ridhaa ilisainiwa na nani. Nimewahi kuona saini ya "mke" ambaye familia nzima haimjui. Pia nimekutana na waliosaini wenyewe, sasa wanataka kukana. Hao nawaambia palepale kwamba sitawasaidia kusema uongo, ila tunaweza kuomba kupanga upya marejesho kabla dalali hajafika. Na kama nyumba imeshauzwa, naangalia bei: ikiwa chini ya wastani wa soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria humchukulia mkopeshaji kuwa amekiuka wajibu wake hadi athibitishe vinginevyo. Wengi hawajui kipengele hicho kipo.

Kabla ya yote hayo, nauliza mkopeshaji ni nani. Ikiwa ni mteja wa ofisi yetu, namsimamisha mama asiendelee kunieleza, nampeleka kwa mwenzangu wa meza ya pili. Huonekana kama namkwepa, lakini siwezi kubeba siri za pande mbili.

Tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama, na bado mikataba mingi ya mikopo ninayoletewa ni ya Kiingereza. Benki inayotangaza mikopo kwa Kiswahili redioni inashindwaje kuandika masharti yake kwa lugha hiyohiyo?

Wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, hawaruhusiwi kusimama mahakamani kama mawakili, lakini wako karibu na watu kuliko sisi. Ninapokutana nao, somo langu ni fupi: notisi ikifika, andika tarehe uliyoipokea, tunza na bahasha yake, mlete mtu wiki hiyohiyo.