Pensheni ya urithi: kwa nini baba mdogo hayumo

Matanga yakishaanuliwa, kikao cha ukoo huketi. Iwe Mafinga, iwe Tukuyu, mambo ni yaleyale: shamba, ng'ombe wawili, pikipiki, kisha mtu anauliza, "Na zile hela za NSSF?" Hapo jina ndilo linalowapoteza watu. Mfuko huo wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii unaziita pensheni ya urithi, na ukoo ukisikia urithi unajua kugawa ni kazi yake.

Si yake. Urithi ni mali aliyoiacha marehemu. Pensheni hii inashika nafasi ya mshahara uliokuwa ukiwalisha watu nyumbani, kwa hiyo haitafuti ndugu, inatafuta wategemezi. Sheria ya mfuko huo ya 1997 inaanza na mwenzi na watoto. Wazazi hufikiwa pale hao wasipokuwepo. Baba mdogo hayumo, hata kama jeneza alinunua yeye.

Tuseme mchuma chai wa Mufindi amefariki, na pensheni aliyostahili ni shilingi 200,000 kwa mwezi. Mjane hupata asilimia 40, yaani 80,000. Asilimia 60, ambazo ni 120,000, ni za watoto, sawa kwa sawa: wakiwa wanne, kila mmoja 30,000. Kifungua mimba haongezewi, binti hapunguziwi. Wajane wakiwa wawili, ile 80,000 hukatwa katikati. Ukubwa wa bi mkubwa haumo kwenye hesabu. Pasipo na watoto, mjane huchukua yote.

Linganisha na sheria ya kimila iliyotangazwa na serikali mwaka 1963, tangazo namba 436. Humo warithi wamepangwa madaraja matatu, mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba ya kwanza juu, mabinti chini, na mjane fungu lake ni kutunzwa na wanawe. Mwanamke ni yuleyule, msiba ni uleule.

Fungu la mtoto hukoma akishakuwa mtu mzima, ingawa aliye masomoni huongezewa muda. Mjane kijana asiye na mtoto mdogo hulipwa kwa muda tu, na hilo mimi naliona kali.

Kikao nacho kina kazi: muhtasari wake hupelekwa Mahakama ya Mwanzo kuthibitisha msimamizi wa mirathi. Anayehangaika zaidi ni mke wa ndoa ya kimila, ambaye ng'ombe walitolewa lakini cheti hakuna. Shahidi wa ndoa yake ni nani? Mara nyingi ni huyohuyo baba mdogo aliyewapeleka ng'ombe.