Usimamizi wa Bunge juu ya ulinzi na mambo ya nje: maana yake kwa mtu wa kando ya ziwa

Usimamizi wa Bunge juu ya ulinzi na mambo ya nje ni kazi ya wabunge ya kufuatilia, kuhoji, kushauri na, pale Katiba inapowapa nafasi, kuidhinisha au kukataa yale ambayo Serikali inayafanya kwa kutumia jeshi na kwa kushughulika na mataifa mengine. Kwa Tanzania msingi wake ni ibara ya 63 ya Katiba ya mwaka 1977, inayolitaja Bunge kuwa chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali na vyombo vyake vyote. Maneno hayo "vyombo vyake vyote" yana uzito, kwa sababu Katiba haikusema vyote isipokuwa jeshi, wala vyote isipokuwa balozi zetu.

Neno "kusimamia" huwapotosha wengi, kwa kuwa katika mazungumzo ya kila siku msimamizi ndiye mtoa amri, kama yule anayemwelekeza fundi mahali pa kujenga ukuta. Hapa maana ni nyingine. Katika mialo, yaani maegesho ya mitumbwi ya uvuvi, ya Mwanza na visiwa vya Ukerewe, tajiri wa mtumbwi haendi ziwani kila usiku wala hashiki usukani. Nahodha ndiye anayeamua watege wapi na warudi saa ngapi upepo ukibadilika. Lakini asubuhi tajiri huwa amekwisha kufika mwaloni, naye anauliza mafuta yameishaje, ndoo ngapi za dagaa zimepatikana, wavu umechanikia wapi, na ikiwa mtumbwi ulikamatwa katika maji ya nchi jirani, anataka kujua nahodha alivuka kwa sababu gani. Nahodha asiyeweza kujibu maswali hayo hakabidhiwi mtumbwi usiku unaofuata. Wananchi ndio tajiri, Bunge ndilo linalowaulizia, na Serikali ndiyo iliyoko usukani.

Ulinzi na mambo ya nje hutazamwa kwa namna ya pekee kwa sababu katika maeneo haya Rais amepewa mamlaka mapana kuliko kwingine. Ibara ya 33 inamfanya kuwa Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu kwa pamoja, na ibara ya 148 inampa uwezo wa kuyaamuru majeshi katika operesheni za ulinzi na za uokoaji, ndani au nje ya Jamhuri ya Muungano. Mamlaka hayo yana sababu nzuri: adui akiingia usiku, hakuna anayetaka amri ya kumzuia isubiri wabunge karibu mia nne wasafiri hadi Dodoma. Swali ni kwamba, amri ikishatolewa, Bunge linaingia wakati gani na likiwa na nguvu gani.

Kuhusu vita, jibu liko katika ibara ya 44. Rais anaweza kutangaza kuwapo kwa hali ya vita kati yetu na nchi nyingine, lakini akishatangaza anapeleka nakala ya tangazo kwa Spika, naye Spika, baada ya kushauriana na Kiongozi wa Shughuli za Serikali Bungeni, yaani Waziri Mkuu, anaitisha mkutano wa Bunge katika muda usiozidi siku kumi na nne, ili wabunge waitafakari hali na waamue kupitisha au kutopitisha azimio la kuunga mkono tangazo hilo. Siku kumi na nne zinaonekana chache ukizisoma kwenye karatasi. Kwa watu wa mpakani ni nyingi. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na kufikia tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilikuwa imeshaanguka. Katikati ya miezi hiyo, Machi 1979, ndege ya kivita ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, ilijaribu kulipua ghala la mafuta la Mwanza. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama kadhaa waliokuwa wakifugwa pale. Kisiwa hicho kiko ng'ambo kidogo tu ya Capri Point, mwendo mfupi wa boti kutoka mjini, na watoto wa shule hupelekwa huko leo kutazama wanyama na kupanda miamba. Kwa hiyo mtu wa Mwanza akisikia uamuzi wa vita unajadiliwa, kwake si jambo la mbali.

Hata hivyo, ibara ya 44 inazungumzia vita vilivyotangazwa dhidi ya nchi nyingine, na kwa miaka mingi sasa wanajeshi wetu wamekuwa wakienda nje bila vita kutangazwa. Machi 2008 walishiriki kuikomboa Anjouan nchini Komoro. Mwaka 2013 walijiunga na kikosi maalumu cha Umoja wa Mataifa mashariki mwa Kongo, na Julai mwaka huohuo walinda amani wetu saba waliuawa Darfur. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi yao ya Semuliki, huko Kongo, ilishambuliwa na waasi, na wanajeshi wa Tanzania kumi na wanne wakauawa. Katika safari za namna hiyo hakuna nchi iliyotangaziwa vita, hivyo saa ya siku kumi na nne haianzi kuhesabika, na wabunge hubaki na njia nyingine tu, yaani maswali, bajeti na kamati. Ninawaheshimu sana waliokufa Semuliki, na ni kwa heshima hiyo ninaona kwamba hapa ndipo palipo na pengo kubwa kuliko yote katika mpangilio wetu: uamuzi wenye uwezekano wa kurudisha majeneza unaweza kufanyika bila wawakilishi wa wazazi wa askari hao kupiga kura hata moja.

Si lazima tuende mbali kuona njia nyingine, kwa kuwa nchi tatu zinazogawana Ziwa Victoria zimeandika mambo haya kwa namna tatu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataka idhini ya Bunge kabla ya majeshi kupelekwa nje ya nchi, na inataka Bunge la Taifa liidhinishe tangazo la vita. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inamtaka Rais apate kibali cha wabunge wasiopungua theluthi mbili kabla ya kutangaza hali ya vita, na ikiwa haiwezekani kusubiri, aombe kibali hicho haraka katika muda usiozidi saa sabini na mbili. Maandishi si utekelezaji, na kila nchi ina historia yake ya kuyafuata au kuyakwepa. Lakini anayesema kwamba kumwuliza mbunge kwanza kunalidhoofisha jeshi anapaswa kueleza kwa nini majirani zetu wawili waliona vinginevyo. Uingereza, isiyo na katiba moja iliyoandikwa, ilifika hapo kwa njia ya mazoea: tarehe 29 Agosti 2013 wabunge wake walikataa, kwa kura 285 dhidi ya 272, hoja ya Serikali kuhusu hatua za kijeshi nchini Syria, na Waziri Mkuu akatii.

Njia ya pili ni fedha. Kila mwaka, katika mkutano wa bajeti unaoanza Aprili na kumalizika mwishoni mwa Juni, Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa husimama kuomba fedha za mafungu ya bajeti ya wizara yake: Fungu 38 la Ngome, yaani jeshi lenyewe, Fungu 39 la JKT na Fungu 57 la Wizara yenyewe. Waziri wa Mambo ya Nje huombea Fungu 34. Mbunge asiyeridhika na maelezo anaweza kutoa hoja ya kuondoa shilingi katika mshahara wa waziri, na ndiyo maana tunasikia redioni kwamba mbunge fulani "ameshika shilingi". Shilingi hiyo haina thamani ya fedha, ila humlazimisha waziri asimame tena na kujibu jambo moja mahususi badala ya kujibu kwa jumla. Mara nyingi jambo hilo huwa la karibu na watu, kama vile fidia kwa wananchi ambao mashamba yao yamejikuta ndani ya mipaka ya kambi. Kuikataa bajeti nzima ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja Bunge lililokataa kupitisha bajeti ya Serikali, na mbunge anayeshika shilingi anajua vizuri tofauti ya moto huu na ule.

Upande wa mambo ya nje chombo kikubwa ni kuridhia mikataba. Ibara ya 63 inalipa Bunge madaraka ya kujadili na kuridhia mikataba yote inayohusu Jamhuri ya Muungano ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Mfano ulio karibu nasi kuliko wote ni wa maji yenyewe. Mkataba wa mwaka 1929, ambao Uingereza iliuingia na Misri wakati ikitawala eneo hili, ulitaka kazi yoyote itakayopunguza maji yanayokwenda Misri isifanyike bila ridhaa ya Misri. Baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alikataa kwamba Tanganyika inafungwa na ahadi iliyotolewa na mkoloni, na msimamo huo ukawa sehemu ya siasa yetu ya nje. Leo ukienda Ihelele, wilayani Misungwi, utakuta chanzo cha maji yanayovutwa kutoka ziwani na kusukumwa hadi Kahama na Shinyanga. Mama anayefungua bomba Shinyanga anachota matunda ya uamuzi wa kidiplomasia bila kulazimika kujua hivyo. Mkataba mpya wa ushirikiano wa nchi za Bonde la Mto Nile ulifunguliwa kwa kutiwa saini Entebbe mwezi Mei 2010, na Tanzania ikatia saini. Hata hivyo saini pekee haikutosha. Mkataba ulihitaji kuridhiwa, na Bunge letu liliuridhia mwaka 2015. Sudan Kusini ilipouridhia mwaka 2024 idadi ya nchi iliyotakiwa ilitimia, na mkataba ukaanza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024.

Kuridhia kuna udhaifu mmoja ambao haupaswi kufichwa. Mkataba unapofika bungeni, mazungumzo yamekwisha, saini imewekwa, na mbunge anaweza kusema ndiyo au hapana bila kubadilisha kifungu hata kimoja. Ndiyo maana naona kilichofanyika Novemba 2016 kilikuwa bora zaidi: Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi kati ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya ulijadiliwa bungeni kabla ya Tanzania kuusaini, na wabunge wakashauri usisainiwe. Ushauri uliotolewa mapema hivyo una nguvu kuliko kura inayopigwa wakati Serikali imekwisha kutoa neno lake kwa wageni.

Kazi nyingi haifanyiki katika ukumbi mkubwa tunaouona kwenye televisheni. Inafanyika katika Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Nje, Ulinzi na Usalama, ambayo waliozoea mambo ya Dodoma huiita NUU. Kamati hupitia makadirio ya wizara kabla hayajafika ukumbini, huwaita watendaji na hutembelea miradi. Ndiyo mahali pa kushughulikia ugumu mkubwa wa dhana hii nzima, yaani siri. Zipo siri za kweli: idadi ya silaha, mahali pa rada, jina la mtu anayetuletea habari kutoka ng'ambo. Hakuna mbunge mwenye busara anayetaka mambo hayo yasomwe hadharani. Lakini siri ina tabia ya kutanda kama magugu maji, ukiyaacha yanafunika hata sehemu ya kupitishia mitumbwi. Mwaka 2008, suala la kampuni ya Meremeta, iliyochimba dhahabu Buhemba mkoani Mara, lilipoibuliwa bungeni, Serikali ilikataa kulieleza kwa undani kwa hoja kwamba linagusa jeshi na usalama wa nchi. Kwa maoni yangu, usalama wa nchi ni sababu ya kuchagua nani asikie jibu na katika chumba gani. Si sababu ya jibu kutokuwapo. Wajumbe wachache wa kamati, walioapa na waliofunga mlango, wanatosha kulisikia, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, anayepewa kazi yake na ibara ya 143, anatosha kuzikagua fedha zake.

Mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, niliyemkuta akishona magunia ya mteja wake wa Kongo, aliniuliza kama anaruhusiwa kabisa kuuliza askari wetu wanafanya nini huko mzigo wake unakokwenda. Anaruhusiwa. Njia yake ni mbunge wa jimbo lake, ambaye chini ya ibara ya 63 anaweza kumwuliza waziri yeyote jambo la umma lililo katika wajibu wa waziri huyo, kwa swali la msingi linaloandikwa na kupelekwa mapema, na kisha kwa swali la nyongeza analolitoa hapohapo baada ya kusikia jibu. Swali la msingi hujibiwa kwa karatasi iliyoandaliwa na wataalamu wa wizara. La nyongeza humkuta waziri na anachokijua mwenyewe, kwa hiyo mpiga kura mwangalifu humwandalia mbunge wake yote mawili. Hali kadhalika mvuvi ambaye mtumbwi na mashine yake vinashikiliwa upande wa Uganda: jambo lake ni la Wizara ya Mambo ya Nje sawasawa na la Wizara ya Uvuvi, na jibu atakalopewa mbunge wake litaingia katika Taarifa Rasmi za Bunge, likiwa na tarehe na jina la waziri aliyelitoa.