Maji ya Moto na Kotoni Inayotoweka: Mwani wa Zanzibar katika Bahari Inayobadilika

Mwani uliopigwa na joto huanza kuharibika kwenye matawi machanga. Tawi lililokuwa na rangi ya kahawia au kijani hupauka, likawa jeupe na laini kama tambi zilizopikwa zikapitiliza, kisha hukatika kwa wimbi dogo tu, na mkulima anayeshuka pwani siku chache baadaye hukuta taitai, yaani vikamba vya kufungia mwani, zimebaki kwenye kamba bila ya kitu. Hali hii imewasumbua wakulima wa Unguja na Pemba kwa zaidi ya miaka 20, na mara nyingi sababu yake hutafutwa ndani ya shamba lenyewe: mbegu ilikuwa mbovu, kamba hazikusafishwa, au jirani ameacha uchafu wake ukasambaa. Sababu hizo zina ukweli wake, lakini kwa maoni yangu tumewalaumu wakulima kupita kiasi kwa jambo ambalo chanzo chake kikubwa ni joto la maji.

Bahari za dunia zimebeba zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalotokana na gesi tunazozirundika angani. Wastani wa joto hilo hupanda polepole, na mtu anaweza kujiuliza nyongeza ya chini ya nyuzi mbili ina madhara gani kwa mmea unaoishi majini. Jibu liko kwenye saa za maji. Hapa Zanzibar, wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji hujaa na kupwa sana, maji hupwa kabisa kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana, yaani jua linapoelekea utosini, na maji yanayobaki kati ya ufuko na mwamba wa matumbawe huwa ya kufika magotini au chini ya hapo. Maji haba namna hiyo hupata moto upesi, na siku ya shwari yanaweza kupita nyuzi 33, ilhali kotoni, aina ya mwani yenye bei ya juu, hukua vizuri kati ya nyuzi 25 na 30. Mwezi wa Machi ndio mgumu zaidi, kwa kuwa mabamvua makubwa hukutana na bahari ambayo tayari imepata moto msimu mzima wa kaskazi. Zamani palikuwa na nafasi kidogo kati ya joto la kawaida la msimu huo na joto ambalo mmea hauliwezi, na nafasi hiyo ndiyo inayoliwa sasa.

Kilimo cha biashara kilipoanza mwaka 1989 katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, mbegu zilitoka Ufilipino, zikiwa za aina mbili: kotoni na spinosamu. Kotoni hutoa utomvu unaoganda vizuri na kutafutwa na viwanda vya vyakula, hivyo bei yake imekuwa juu, mara nyingi zaidi ya maradufu ya mwenzake. Spinosamu huvumilia joto zaidi, na ndiyo iliyobaki katika maeneo mengi ya maji mafupi. Kuna tatizo jingine ambalo halionekani kwa macho: mwani haupandwi kwa mbegu halisi bali kwa vipande vinavyokatwa kutoka kwenye mmea wa zamani, kwa hiyo mashamba mengi yana mimea inayofanana mno kinasaba, na joto linaloushinda mmoja huweza kuishinda yote.

Mwamba unaoyakinga mashamba hayo nao haujasalimika. Maji yakizidi nyuzi moja hivi juu ya kilele cha kawaida cha msimu wa joto kwa wiki kadhaa, matumbawe huwatoa viumbe wadogo wanaoyapa chakula na rangi, nayo hubaki meupe. Hayajafa bado, lakini yana njaa. Mwaka 1998 matumbawe mengi ya Afrika Mashariki yalikufa kwa njia hiyo, na joto likarudi tena mwaka 2016 na 2024. Mwamba uliokufa humomonyoka, na kadiri unavyoshuka ndivyo mawimbi ya kusi yanavyopata njia ya kuingia shambani.

Njia iliyoonesha matumaini ni kuhamisha kotoni kwenye kina cha mita mbili na zaidi, kwa kamba zinazoelea au nyavu za mirija (nyavu ndefu nyembamba zinazotiwa mwani ndani), ambako joto halipandi na kushuka kwa ghafla. Hata hivyo, wakulima wengi ni wanawake walioingia kazi hii kwa sababu shamba lilifikiwa kwa miguu maji yakipwa. Kina kinadai chombo, nanga na kujua kuogelea, na wengi wao hawakufundishwa kuogelea utotoni. Kwa asiyeweza kuhamisha shamba zima, hatua iliyo karibu ni kuhamisha mbegu peke yake: kabla ya mabamvua ya Februari na Machi, fungu la mbegu lifungwe kwenye mkondo usiokauka, lisubiri huko hadi masika yaingie na maji yapoe.