Je, wajua kwa nini mchuzi wa nyumbani unaweza kumdhuru paka?

Katika nyumba zetu nyingi paka hapikiwi, hula kilichobaki. Ugali unavurugwa na mchuzi wa samaki, unawekwa mlangoni, naye anaramba mpaka kisahani kinang'aa. Samaki hana neno. Tatizo ni kile kilichotangulia kukaangwa sufuriani: kitunguu.

Kitunguu maji, kitunguu saumu na hata majani yake vina kemikali zenye salfa. Zikifika kwenye damu hushambulia hemoglobini, ile protini inayobeba oksijeni. Hemoglobini ya binadamu ina sehemu mbili tu ambazo kemikali hizo huzidaka kwa urahisi. Ya paka ina nane. Ndiyo maana sisi tunakula kachumbari bila shida, ilhali kwake hemoglobini huharibika na kuganda madonge ndani ya chembe nyekundu. Chembe hizo huishia kupasuka, na paka anaishiwa damu.

Gramu 5 za kitunguu kwa kila kilo ya uzito wake zinatosha kuleta madhara. Kwa paka wa kilo 3 hizo ni gramu 15, kipande tu cha kitunguu. Kitunguu saumu ni kikali zaidi. Kupika hakuondoi sumu, na kuchuja vipande hakusaidii kwa sababu imekwisha kuingia kwenye mchuzi. Viungo vya unga na vile vidonge vya supu navyo mara nyingi vina kitunguu ndani yake.

Dawa yake ni rahisi: toa fungu la paka kabla hujakaanga chochote. Chemsha samaki au nyama kwa maji matupu, bila chumvi, kisha ondoa miiba na mifupa, hasa ya kuku, maana ikishapikwa huvunjika kwa ncha kali. Dagaa wakavu waliotiwa chumvi waloweke kwanza, umwage maji hayo. Lakini maji ya kuchemshia usiyamwage! Paka anahitaji taurini, ambayo hupatikana kwenye nyama na samaki, wala haimo kwenye ugali au wali. Akiikosa muda mrefu, macho hupofuka na moyo hutanuka. Taurini huyeyukia kwenye maji ya kupikia, kwa hiyo mmiminie na supu yake ikishapoa. Ugali uwe kidogo tu.

Kumpa samaki wabichi kila siku nako si salama. Baadhi ya samaki wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na moto ndio unaokizima. Maziwa? Paka wengi wakishakua huharisha wakinywa.

Paka aliyekula kitunguu anaweza kuonekana mzima kwa siku kadhaa. Halafu analegea, anakataa chakula, anahema haraka. Mfunue mdomo utazame fizi: zikiwa nyeupe au za manjano, au mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, mkimbize kwa daktari wa mifugo, umweleze alikula nini na lini. Ukijua amekila leo, usisubiri dalili. Tafadhali usimpe parasetamoli ukidhani unampunguzia maumivu. Nayo huharibu hemoglobini hiyohiyo, na kidonge kimoja kinaweza kumuua.