Chuma hakipenyi kwenye bakteria chenyewe

Wengi tumefundishwa kwamba bakteria hunyonya chuma kama kitambaa kinavyonyonya maji. Sivyo. Penye oksijeni, chuma hugeuka kutu isiyoyeyuka. Kinachobaki huru majini ni takriban moli 10⁻¹⁸ kwa lita, ilhali bakteria huhitaji karibu 10⁻⁶. Pengo hilo ni mara trilioni moja, na hakuna upenyaji wa kawaida unaoweza kuliziba.

Kwa hiyo bakteria huenda kukitafuta. *E. coli*, bakteria wa utumbo mwenye tando mbili, mmoja wa nje na mmoja wa ndani, hutoa nje molekuli iitwayo enterobaktini, ambayo hukumbata ioni ya chuma kwa atomi sita za oksijeni na haiachii kirahisi. Mzigo huo ni mkubwa mno kupita kwenye vitundu vya kawaida vya utando wa nje, hivyo hupokewa na protini FepA, pipa lililozibwa kizibo ndani yake. Hapa ndipo penye ustadi hasa: utando wa nje hauna ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli), kwa hiyo nguvu ya kusogeza kizibo hutoka utando wa ndani, kwenye mteremko wa protoni (tofauti ya wingi wa protoni kati ya pande mbili za utando), na kufikishwa na protini TonB. TonB ikiharibika, mzigo hunasa mlangoni.

Baadaye FepB, protini iliyo kati ya tando hizo mbili, huupokea, na pampu inayotumia ATP huuvusha utando wa ndani. Ndani, kimeng'enya Fes hukata enterobaktini ili chuma kiachiliwe.

Chuma kikizidi huzalisha chembe haribifu za oksijeni, ndiyo maana protini Fur, ikishikwa na chuma, huzima jeni za mfumo huu wote.