Holihoki: Ua Linalosingiziwa Mengi

Holihoki ni ua refu la jamii moja na bamia, pamba na rozela, na anayelijua ua la bamia atautambua undugu huo mara tu litakapochanua. Hata hivyo, wengi huling'oa bustanini kwa makosa ambayo si yake.

Wengine hudhani kwamba mbegu walizouziwa ni mbovu kwa sababu mwaka umepita bila ua hata moja. Ukweli ni kwamba aina nyingi huhitaji miaka 2: mwaka wa kwanza mmea hutandaza majani tu chini, na wa pili hupandisha shina linaloweza kupita mita 2, likichanua kuanzia chini kuelekea kileleni.

Dhana iliyoenea zaidi inahusu ugonjwa wa kutu, ambao watu huulaumu udongo kwa ajili yake na kuumwagia mbolea. Geuza jani la chini uone: vipele vya rangi ya machungwa iliyofifia, vidogo kama kichwa cha pini, na upande wa juu wa jani doa la manjano. Hiyo ni kuvu iitwayo Puccinia malvacearum, yenye asili ya Amerika Kusini, ambayo ilifika Uingereza mwaka 1873 na kuziharibu bustani zilizokuwa zikijivunia ua hili. Vijimbegu vyake husafirishwa na upepo na matone ya maji, kisha huota juu ya jani lililolowa. Kwa hiyo mbolea haitibu kitu, na ile yenye naitrojeni nyingi huzidisha majani laini na kuliacha shina likiyumba. Kinachosaidia ni kumwagilia shinani badala ya majanini, kuachanisha miche kwa takribani sentimita 60, kuchuma majani yenye vipele na kutoyatupa kwenye lundo la mboji, pamoja na kung'oa magugu ya jamii moja na holihoki yaliyo jirani. Kwa kawaida mmea wenye kutu huchukiza macho, lakini bado huchanua.

Kuhusu kupandikiza, mche mdogo hustahimili, ila uliokwisha kuzamisha mzizi wake mkuu hudumaa ukihamishwa.

Mwisho ni rangi. Tunda likikauka hufunguka na kuonyesha mbegu bapa zilizopangwa kwa duara, kama sarafu zilizosimamishwa wima, na mtunzaji huamini kwamba zikitoka kwenye ua jeusi zitazaa maua meusi. Nyuki, hata hivyo, walikwisha pita kwenye lile la rangi ya waridi la jirani na kuleta chavua yake, kwa hiyo rangi huweza kuchanganyika.