Filamu bubu isiyohitaji maandishi: waliotengeneza Der letzte Mann

Wengi hudhani filamu bubu lazima isimame kila mara ili maandishi yaeleze kilichosemwa. Der letzte Mann ("Mtu wa Mwisho"), filamu ya Kijerumani iliyooneshwa kwa mara ya kwanza Berlin Desemba 1924, haina maandishi ya mazungumzo kabisa. Karibu na mwisho tu ndipo mtunzi anamwambia mtazamaji kwamba amemhurumia mhusika wake mkuu, mzee mmoja, na kumpa bahati ambayo maisha yasingempa.

Mzee huyo ni bawabu wa hoteli kubwa. Koti lake la kazi, lenye vifungo vinavyong'aa, ndilo linalompa heshima uani kwao. Meneja anamkuta amepumzika baada ya kubeba sanduku zito, na kesho yake anamhamishia msalani, awe anawapa wageni taulo. Tazama kwa makini wanapomvua koti: kifungo kinakatika na kuanguka, na mgongo wa mwigizaji Emil Jannings unapinda mbele ya macho yako. Jannings alikuwa na umri wa miaka 40 hivi tu!

Jannings na mwongozaji F. W. Murnau wamesifiwa sana, na wanastahili. Lakini mswada ni wa Carl Mayer, na kamera ni ya Karl Freund. Filamu inaanza kwa kamera kushuka ndani ya lifti, kisha inavuka ukumbi hadi mlangoni, ikiwa juu ya baiskeli. Mzee anapolewa, Freund alijifunga kamera kifuani akapepesuka nayo. Hoteli na mtaa vilijengwa na Robert Herlth na Walter Röhrig kwa ajili ya kampuni ya filamu ya Ufa.

Baadaye Wanazi walipotawala, Mayer, aliyekuwa Myahudi, aliishia uhamishoni London, akafariki 1944. Freund, naye Myahudi, alikuwa ameshahamia Marekani. Jannings alibaki, akaigiza katika filamu za propaganda za utawala ule. Uhodari wake wa 1924 haufuti jambo hilo.

Ukiitafuta filamu hii, angalia ni nakala ipi. Negativu, yaani mikanda asilia ambayo nakala huchapwa kutokana nayo, zilikuwa tatu: ya Ujerumani, ya Marekani na ya nchi nyingine, na picha zake hazilingani. Ninapendekeza iliyokarabatiwa na taasisi ya Friedrich-Wilhelm-Murnau-Stiftung, kwa kuwa imerudi kwenye negativu ya Kijerumani.